Bwawa la Nyumbani: Lizungushie Ua Kabla ya Desemba

Mabwawa ya kuogelea yapo katika hoteli na majumba ya wenye nazo jijini Nairobi. Lakini bwawa ninaloliogopa zaidi mimi kama daktari ni lile ambalo wewe msomaji umemchimbia mama yako kule Matinyani. Ni shimo la kuvuna maji ya mvua, lililotandikwa karatasi nzito ya plastiki, na limeleta sukumawiki na matunda mahali ambapo kila kitu kilikuwa kikikauka. Sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba mara nyingi pesa zinazotumwa kutoka mjini hutosha kuchimba na kutandika plastiki tu, nao ua huahirishwa.

Hebu tazama kalenda. Wakulima wa Kitui hutegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo bwawa hujaa wakati uleule shule zimefungwa na watoto wa mjini wamepelekwa kwa nyanya yao. Mtoto wa pale kijijini amekwisha kuonywa mara nyingi. Wako huona mahali pa kuchezea.

Plastiki yenyewe ndiyo mtego. Huota utelezi wa kijani, na hata mtu mzima aliyetumbukia hupanda akateleza, akapanda tena akateleza, mpaka nguvu zikamwishia. Aidha, wengi hudhani kwamba anayezama hupiga mayowe. Sivyo. Mdomo umo majini, pumzi ya kuita hana. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mvulana wa miaka mitano, na nyanya yake akaniambia, "Daktari mwanangu, nilikuwa nikichambua kunde hapo tu, sikusikia kitu." Hatukuweza kumwokoa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Ua uwe mrefu kumpita mtoto, wa nguzo na waya wenye matundu madogo, na komeo la lango liwe juu asipofikia. Matawi ya miiba ni afadhali kuliko kukosa kitu, ila mbuzi na mvua huyamaliza upesi. Ndani ya bwawa, teremsha kamba nene zenye mafundo kutoka pande zote, zifungwe kwenye vigingi imara. Kando yake uwekwe mtungi mtupu wa lita 20, uliofungwa kifuniko na kutiwa kamba. Huo humweleza mtu juu ya maji. Mrushie huo wala usijitose, kwani aliyejitosa kuokoa huzama pia.

Ukimtoa na hapumui, mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano mdomoni. Asipoanza kupumua wala kujitikisa, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo hata mkiwa garini kuelekea hospitali. Kumning'iniza kichwa chini au kumminya tumbo ili "atapike maji" ni kupoteza dakika anazozihitaji. Aliyezinduka naye apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, kwa maana mapafu yanaweza kumgeukia saa chache baadaye.

Sasa mbu. Yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au mbili, na bwawa lisilo na kivuli wala samaki ni kitalu chao. Watafiti waliofuga tilapia katika mabwawa yaliyoachwa huko Kisii ya Kati waliripoti mwaka 2007 kwamba viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Samaki hao utawala pia. (Mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui ina mamia yake, hayana shida hii, kwani maji hujificha ndani ya mchanga wa mto. Bahati mbaya si kila boma lina mto.)

Kichocho huingia kwa ngozi. Ng'oa majani ya ukingoni ambako konokono hushikilia, choo kiwe mbali na upande wa chini, na mtu yeyote asiogee humo. Maji yakiteka siku mbili ndani ya pipa safi lisilo na konokono, vijidudu vya kichocho huwa vimekufa, na unaweza kuyaogea.

Ya kunywa ni habari nyingine. Yachuje kwa kitambaa kizito, kwa sababu tope huimaliza nguvu dawa ya klorini, kisha tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na ungoje nusu saa. Ya mtoto mchanga yachemshe mpaka yatokote.