Bampa, Msasa na Lugha ya Fundi

Nilikwangua bampa ya gari langu kwenye nguzo ya lango la nyumba yangu mwenyewe, mjini Embu, mchana kweupe. Hapakuwa na matatu la kulaumu wala bodaboda wa kusingiziwa. Rangi ilitoka kwa urefu wa mkono mzima, na plastiki nyeusi ikachomoza kama jeraha.

Fundi wa jirani alinitajia bei ambayo mtu wa mshahara huipokea kwa kimya. Nikajiambia kwamba mtu aliyetumia miaka kadha kuandika tasnifu hawezi kushindwa na kipande cha plastiki. Naam, shahada ya uzamifu humvisha mtu kiburi cha aina yake. Nilinunua kopo la rangi ya kupuliza na karatasi mbili za msasa, nikasugua, nikapuliza, nikasimama kando kuitazama kazi yangu kwa majivuno.

Majivuno hayo hayakufika Jumapili. Rangi ilikuwa imeteremka vijito vijito mahali nilipopuliza karibu mno. Kwingineko ilikuwa na vinundu kama ganda la chungwa, na nilipoliosha gari kwa mara ya kwanza, ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Msomaji aliyekwisha kujaribu jambo hili nyumbani kwake anajua ninalosimulia.

Wiki mbili baadaye shughuli za kikazi zilinipeleka Meru. Nilishika barabara ya Runyenjes na Chuka huku bampa ikiwa imechanika rangi kama ukuta wa zamani. Pembezoni mwa mji niliingia katika banda la mafundi wa bodi. Kijana mmoja, ambaye jina lake nitalihifadhi, aliichunguza bampa kwa kucha ya kidole gumba, akacheka kwa adabu. "Mwalimu," akaniambia, "hii umeipaka juu ya mafuta." Sikumwambia kwamba mimi ni mwalimu. Nadhani kazi yangu yenyewe ilinisema.

Hapo ndipo darasa lilipoanza, nami nikiwa mwanafunzi. Bampa za zamani zilikuwa za chuma kilichong'arishwa. Wenye umri wangu watazikumbuka zile za Peugeot 504. Ziligongwa, zikanyooshwa kwa nyundo, mambo yakaisha. Bampa za magari ya siku hizi aghalabu ni za plastiki ya jamii ya polipropilini, ambayo kwa asili yake hukataa kushikana na rangi. Juu ya hayo, nta ya kung'arishia na mafuta ya mikono huacha utando usioonekana. Kwa hiyo kazi huanza kwa sabuni na maji, kisha kitambaa chenye kiondoa mafuta, kabla msasa haujagusa kitu. Mimi nilianza na msasa, nikayasukumiza mafuta yale ndani ya mikwaruzo.

Kuhusu neno lenyewe, msomaji aniwie radhi nikichepuka kidogo. Msasa ulikuwa mti kabla haujawa karatasi. Ni mti wa jamii ya mitini ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa mbao waliyatumia kulainishia kazi zao. Karatasi ya kiwandani ilipofika, Kiswahili hakikuhangaika kukopa. Kiliipa jina la jani. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo darasani kwa uzito nilioufikiria nikiwa nimechuchumaa katika banda lile, msasa wa namba 400 ukiwa mkononi.

Namba hizo nazo zina mantiki yake: kadiri namba inavyopanda ndivyo karatasi inavyozidi kuwa laini. Mkwaruzo mzito huanzwa kwa 180 au 240, shimo likajazwa fila ya plastiki inayopindika bila kupasuka, kisha 400. Plastiki iliyo wazi hupakwa kwanza kimiminika cha kushikiza, ambacho ndicho nilichokikosa mimi, halafu praima. Praima ikikauka husuguliwa kwa maji kwa 600 au 800. Kisha rangi yenyewe, mikono miwili au mitatu myembamba, huku ukingoja dakika kumi au kumi na tano kati ya mkono na mkono. Mwisho huja klia, ile rangi isiyo na rangi, ambayo ndiyo hasa inayong'aa. Kijana alishika bunduki ya kupulizia umbali wa kama shubiri moja, akaianza nje ya bampa na kuimalizia nje ya bampa, mkono ukienda sawia bila kusita. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na vijito vyangu vya Embu vilikuwa ushahidi.

Hata saa ya kazi ina elimu yake. Mwezi wa Julai asubuhi ya Meru huwa na ukungu na baridi, na unyevu ukiingia katika klia huifanya iwe na weupe kama maziwa yaliyomwagika. Fundi wangu haanzi kabla ya saa nne. Humwagia ardhi maji ili vumbi jekundu litulie, na hujitahidi kumaliza kabla ya upepo wa alasiri. Na msomaji asidhani kwamba namba ya rangi iliyoandikwa kwenye kibati cha gari inatosha. Ile 040 ya Toyota ni nyeupe ileile kwenye vitabu, lakini gari lililokaa miaka kumi chini ya jua la Ikweta, ambayo inapita kusini kidogo tu ya mji wa Meru, lina weupe wa namna yake. Fundi huchanganya kidogo, hupaka kwenye kibati, hukiweka kando ya mlango, hukodoa macho, huchanganya tena.

Vioo na taa zilifunikwa kwa magazeti na tepu. Niliona sehemu ya makala yangu mwenyewe ikizuia rangi isiingie kwenye taa ya kushoto, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza maandishi yangu yamemkinga mtu na hasara.

Sasa nifikie lililonikosesha usingizi. Klia ya gereji huchanganywa na hadena, na hadena nyingi zina kemikali za kundi la isosayaneti. Hizi ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya pumu ya kazini. Mtu aweza kuzivuta kwa miaka asihisi kitu, kisha mwili ukageuka, ikawa hata mvuke kidogo unambana kifua. Kijana wangu alikuwa amejifunga leso puani. Leso huzuia vumbi, mvuke hauizingatii. Nilichukua kopo nikasoma. Onyo lilikuwepo, refu na la wazi, kwa Kiingereza na lugha nyingine tatu za Ulaya. Kiswahili hakikuwemo.

Tangu Shirika la Kazi Duniani lilipoiandikia Kenya ripoti mwaka 1972, na tangu Waraka wa Serikali Nambari 2 wa 1992 ulioitaja jua kali kwa jina lake, tumekuwa tukiwasifu mafundi hawa majukwaani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayoyahitaji kuhusu bidhaa. Viweke vifungu hivyo viwili kando ya kopo lile uone. Wala tusiseme Kiswahili hakina maneno: katika banda moja, kwa mchana mmoja, niliandika daftarini istilahi thelathini na saba, na wataalamu wenzangu bado wanajadili vikaoni namna ya kuziunda.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii nyumbani, ushauri wangu ni kwamba atumie klia isiyohitaji hadena, na afanyie mahali penye hewa. Haitadumu kama ya gereji, na ukisubiri siku kadha kabla ya kuisugua kwa 2000 na kuing'arisha, ni wachache watakaotambua. Yenye hadena mwachie mwenye kinyago kinachofaa.

Kabla sijaondoka niliyatafsiri maandishi ya kopo kwenye karatasi, naye akaibandika mlangoni mwa banda kwa tepu ileile. Wiki iliyopita alinipigia simu. Dukani wameleta hadena ya kampuni nyingine, akasema, ina maandishi tofauti kabisa, na alitaka kujua nitapita Meru lini.