Fahamu: Mtoto anawaza nini akiwekwa kwenye kiti cha adhabu?

Mtoto wa miaka mitatu amempokonya mwenzake kigari. Mwalimu anamkalisha kwenye kiti pembeni: dakika tatu, asicheze wala kusemeshwa. Katika vituo vingi vya kulelea watoto Marekani, adhabu hii ya kutengwa kwa muda ni jambo la kawaida.

Ilianzaje?
Mwanasaikolojia Arthur Staats aliijaribu kwa binti yake. Ilipendwa kwa kuwa haihusishi kiboko. Mazoea ni dakika moja kwa kila mwaka wa umri.

Watoto wanasemaje?
Mwaka 2000, watafiti Christine Readdick na Paula Chapman walichapisha majibu ya watoto wa miaka miwili hadi minne waliohojiwa baada ya kutengwa. Wengi walijiona wapweke, na baadhi waliona kwamba mwalimu hawapendi. Si wote walioweza kueleza kosa lao. Mkubwa anahesabu dakika tatu. Mdogo anaona amefukuzwa kundini.

Je, iachwe?
Wataalamu hawajaafikiana. Wapo wanaoitetea ikiwa fupi, tulivu, na imetanguliwa na onyo. Wengine wanashauri mlezi akae na mtoto hadi hasira itulie.

Ukimtenga mtoto, basi mweleze kosa kwa maneno machache, na muda ukiisha mrudishe mchezoni kwa upole. Kilichokosewa ni kitendo. Yeye bado anapendwa, na anahitaji kulisikia hilo kutoka kwako.