Mafuta ya Tumboni na Njia ya Kiharusi

Huku Lusangi, kama kwingine Kasongo na Kabambare, mtu akiota kitambi hakosi wa kumsifu kwamba maisha yamemkubali. Sifa hiyo tuiache. Mafuta ya tumboni humwaga homoni kwenye damu usiku na mchana, na homoni hizo zina mkono katika tansio na magonjwa ya mishipa.

Zamani mafuta ya mwili yalidhaniwa kuwa ghala la akiba tu. Mwaka 1994, mtafiti Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waligundua leptini, homoni ambayo seli za mafuta huitoa kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo, njaa ipungue. Mafuta yakizidi, leptini hujaa kwenye damu na ubongo huacha kuitii, lakini inaendelea kuchochea neva zinazopandisha tansio.

Mwaka 1995 ikatangazwa nyingine, adiponektini, inayosaidia insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, kufanya kazi na kutuliza uvimbe katika kuta za mishipa. Ajabu ni kwamba kitambi kinapokua, yenyewe hupungua. Wataalamu bado wanajadiliana kama upungufu huo ndio unaodhuru mishipa au ni dalili tu ya mwili ulioelemewa.

Ukuta wa mshipa ukiumia, kolesteroli hujipenyeza ndani yake na njia ya damu hubana. Ukuta huo ukipasuka, damu huganda hapo. Bonge hilo likiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Tansio nayo yaweza kupasua mshipa wa ubongo moja kwa moja. Utafiti wa INTERSTROKE wa nchi 32, Uganda ikiwamo, ulionyesha mwaka 2016 kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban asilimia 90 ya viharusi. Tansio iliongoza, na kitambi kimo katika orodha hiyo.

Chakula nacho kina nafasi yake. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya wanakijiji 608 wa kusini mwa Tanzania, wote wa asili moja. Wa kando ya Ziwa Nyasa walikula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku. Wa milimani walikula mazao ya shamba. Uzito na mafuta ya miili yao vililingana, ila wala samaki walikuwa na kiwango cha chini cha leptini. Utafiti huo hauthibitishi kwamba samaki huzuia kiharusi, lakini unatupa sababu ya kuwathamini samaki wa Luama na Lualaba, tusiwazidishie chumvi.

Kujipima ni rahisi. Azima utepe wa fundi cherehani, uzungushe katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, toa pumzi, kisha soma bila kuvuta tumbo. Mwanamume akipita sentimita 94, au mwanamke 80, aende kituo cha afya kupimwa tansio na sukari. Apunguze vyakula vya kukaanga, chumvi na pombe, mawese ayapime kwa kijiko, na aache sigara. Mwembamba naye apimwe, maana tansio haichagui.

Na uso wa mtu ukipinda ghafla, mkono ukalegea au maneno yakakwama, msisubiri kesho wala dawa ya mizizi: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kwa pikipiki.