Kuwa na Jeni Si Kuitumia: Mfano kwa Somo la Urithi

Katika somo la urithi, wanafunzi wengi hudhani kwamba jeni ya rangi ya macho imo machoni tu. Dhana hiyo isiposahihishwa mapema, mtoto hukua nayo. Hapana budi tumweleze kwamba karibu kila seli ya mwili inazo jeni zote, ila kila aina ya seli hutumia baadhi tu.

Mfano mzuri tunaupata Marekani. Mwaka 1983, Richard Palmiter, Ralph Brinster na wenzao walieleza jinsi walivyoiunganisha jeni ya homoni ya ukuaji ya binadamu na kipande cha jeni ya panya kinachoamrisha kazi ianze, kisha wakaitia katika mayai ya panya yaliyotungishwa. Baadhi ya panya waliozaliwa walikaribia kuwa wakubwa maradufu ya ndugu zao.

Kwa kawaida homoni hiyo hutengenezwa katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Katika panya hao ilitengenezwa pia katika ini. Na mwaka 1985 watafiti walieleza kwamba ilionekana hata katika seli za neva za sehemu fulani za ubongo. Jeni ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kipande kinachoiamrisha.

Darasani, tutumie ratiba ya shule. Nakala yake nzima hubandikwa katika kila darasa, lakini Darasa la Tatu hufuata mstari wake tu. Tuongeze kipindi kipya kutoka shule nyingine, tukiandike kwenye mstari wa Darasa la Tano. Madarasa yote yatakiona, ila Darasa la Tano pekee litakifuata.

Mtoto atauliza: "Je, panya huyo amekuwa mtu?" Tusimcheke. Tumjibu kwamba panya ana jeni zipatazo 20,000 zinazotengeneza protini; kuongezewa moja hakumpi akili ya binadamu, hata kama homoni hiyo inatengenezwa ubongoni mwake.

Mwishoni tuwapime kwa swali hili: jeni ya binadamu imo katika ini, ubongo au mkia wa panya huyo? Atakayejibu "kote", kisha akaeleza kwa nini haifanyi kazi kote, amelielewa somo.