Je, Wajua: Raba Iliyo Ndani ya Puli ya Krenki

Fungua boneti uchungulie mbele ya injini, kule mikanda inakozungukia. Ile puli kubwa ya chini, kwenye magari mengi ya sasa, si kipande kimoja cha chuma. Katikati ni kitovu kilichofungwa kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni; nje ni pete nzito, na kati yake raba. Wengi hudhani raba ni ya kuzuia mkanda usiteleze. Wapi! Imewekwa ili krenki isikatike.

Krenki, kwa ugumu wake wote, hujinyonga. Mafuta yakilipuka ndani ya silinda, krenki hukamuliwa kidogo kama nguo, kisha hujirudisha. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hupata mapigo 100 kila sekunde. Pigo moja si kitu. Hatari huja mapigo yanapooana na mtetemo wa asili wa krenki yenyewe: kila pigo huongezea lililotangulia, hadi ufa unaanza. Mei 1929, chombo cha Kijerumani cha kuelea angani kama puto, Graf Zeppelin, kikielekea Marekani, kilipoteza injini 4 kati ya 5 kwa krenki kuvunjika, kikatua kwa taabu Cuers, kusini mwa Ufaransa.

Pete ya puli huja kuvuruga uchumba huo. Kwa uzito wake huchelewa krenki inapojinyonga, na raba, ikivutwa huku na huku, hugeuza mtetemo kuwa joto. Ugumu wa raba lazima ulingane na uzito wa pete, na hapo ndipo kompyuta inapoingia. Krenki huchorwa, ikagawanywa kimahesabu vipande vidogo hata mamilioni, kila kimoja kikipigiwa hesabu ya kinavyovutwa na jirani yake. Injini huigwa hivyo ndani ya kompyuta, ikaendeshwa hadi kasi ya mwisho bila kuchoma tone la dizeli. Hesabu hizo hizo hufichua kelele: mara nyingi anayepiga mayowe ni bati pana la sampu ya oili, na mbavu chache za chuma humnyamazisha.

Kazi yote hiyo hufutwa gerejini kwa dakika kumi. Raba imeachia? Puli inachomelewa, eti imepona. Simlaumu fundi peke yake; mwenye gari anayebania bei ya puli ndiye atakayenunua krenki. Piga mstari wa rangi kutoka kitovuni hadi kwenye pete. Baada ya wiki kadhaa, mstari ukikatika na pande zake kuachana, raba imekwisha. Na oili inayovuja mbele izibwe mapema, maana huila raba.

Uigaji huo wa kompyuta hutumika pia kwenye giaboksi, jenereta, pampu, feni, na meli, ambako kipimo cha mizunguko huwekwa alama ya kasi isiyotakiwa: injini huipita haraka, haikai hapo.