Rimu za vipande: usicheze na bolti, utakwenda na maji!

Wiki hii naomba tuziweke pembeni habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tuongee habari ya magari. Na nyinyi kina dada msigeuze ukurasa, maana mkisoma hadi chini mtaona kuwa bibi harusi naye yumo.

Kuna rimu fulani za kutamba. Gari likipita hutazami gari, unatazama rimu: mdomo unang'aa kama kioo, na katikati zimezungukwa na vibolti vidogo vidogo kama shanga kiunoni. Wengi wanadhani ni urembo. Thubutu! Vile vibolti ndivyo vimeishika rimu yenyewe.

Naomba tuelewane hapa. Sisemi zile nati unazofungua ukipata pancha. Zile zinashika gurudumu kwenye gari. Hizi ninazosema zinashika vipande vya rimu. Rimu ya kawaida ya aloi ni kitu kimoja, lakini hizi ni vipande vitatu: uso wa katikati, mdomo wa nje, na pipa la ndani. Vyote vinabanwa pamoja na bolti ambazo kwenye rimu moja zinaweza kufika 30 na zaidi. Watu wa mashindano walizipenda kwa sababu kipande kimoja kikipinda unabadilisha hicho hicho, na ukitaka rimu pana zaidi unabadilisha mdomo tu.

Zilizovuma kuliko zote ni za Wajerumani wa BBS. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1970, na herufi zake ni majina ya waanzilishi, Baumgartner na Brand, pamoja na mji wao wa Schiltach. Rimu yao iitwayo RS ilitoka mwaka 1983, na mpaka leo watu wanaisaka kama dhahabu. Usione ni mambo ya Ulaya tu. Hata Vespa ya mzee wako ina rimu ya vipande viwili vilivyofungwa kwa nati.

GARI LA MJOMBA

Mimi haya yalinikuta kwa sababu ya mjomba wangu. Mjomba ana Datsun 240Z, gari la spoti la viti viwili, injini ya silinda 6, lita 2.4. Vijana wa leo hawalijui, lakini waulize wazee. Datsun hiyo ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikarudia tena mwaka 1973 ikiwa na Shekhar Mehta. Na Safari yenyewe ni ya kwetu sote, ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Sasa mjomba alilivalisha gari lake rimu za vipande vitatu zilizotumika, kutoka Japani. Bomba kweli kweli! Tatizo, rimu mbili zilikuwa na mapengo. Bolti nne hazipo, na nyingine zimeliwa na kutu mpaka vichwa vimekuwa mviringo. Na binamu yangu alikuwa anaoa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mpango ulikuwa atoke kanisani na bibi harusi wake ndani ya 240Z, wao wawili tu, wapambe watajua wenyewe watafikaje ukumbini.

"Wewe unaijua mitaa," mjomba akaniambia. "Nitafutie bolti."

KARIAKOO MPAKA GEREZANI

Nikachukua bolti moja nzima kama sampuli, nikaingia Kariakoo. Duka la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La tatu muuzaji akaitazama, akanicheka. Alipoipima kwa vernia ndipo nikajua kwa nini: kipenyo milimita 7.

Hapo ndipo penye balaa. Maduka yetu yamejaa bolti za milimita 6, 8 na 10. Saba ni saizi yatima, viwanda vingi vinairuka. Lakini BBS RS nyingi za barabarani zinatumia hiyo hiyo, na rimu za mjomba nazo hivyo hivyo.

Muuzaji akanipa ushauri wa bure: "Chukua sita, kaza kwa nguvu." Mwingine akasema nichukue nane, nikapanue matundu kwa drili. Ukiweka sita inacheza tundumuni. Ukipanua tundu umeshakula nyama ya rimu, na hairudi tena.

Nikaenda Gerezani. Pale, ndugu yangu, hakuna kisichokerezwa. Kijana mmoja akaniambia nisubiri nusu saa tu, atanikerezea bolti zote kutoka kwenye nondo. Nilikuwa nakaribia kukubali, ndipo mzee mmoja aliyekuwa pembeni akiziba pancha ya lori akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo bolti ni ya rimu?"

"Ndiyo."

"Soma kichwani imeandikwa nini."

Nikaifuta kwa kitambaa. Ikaonekana 10.9.

SOMO LA NAMBA

Msomaji, shika kalamu. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya bolti, yaani inahimili newton ngapi kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Bolti ya 8.8 ni 800, ya 10.9 ni 1000, ya 12.9 ni 1200. Namba ya pili inasema itaanza kunyooka na isirudi ikifika wapi: .9 ni asilimia 90 ya nguvu hiyo. Nondo iliyokerezwa haina namba yoyote, hujui umenunua nini.

Na zile zisizoshika kutu zinazong'aa? Nazo angalia. Iliyoandikwa A2-70 ni 700 tu, iko chini hata ya 8.8. Wengine wanapeleka bolti ngumu zikachovywe kromu. Hatari! Wakati wa kuchovya, hidrojeni inaweza kupenya ndani ya chuma kigumu, kikawa na tabia ya kioo. Kinakatika ghafla bila hata kupinda.

"Bolti moja ikilegea," mzee akasema, "mzigo wake wanabeba majirani. Gurudumu linazunguka, wanavutwa, wanaachiwa, wanavutwa. Wakichoka wanakatika kwa zamu. Upepo unatoka wote mara moja, na wewe uko spidi mia."

Akanionya jambo jingine, na hili liandike ukutani: usifungue kamwe bolti hizo tairi likiwa na upepo. Vipande vitaruka kama bomu. Toa upepo wote kwanza, hata kama ni Vespa.

BIBI HARUSI NA RIMU ZA BATI

Nilimpelekea mjomba majibu. Bolti za kweli zipo, lakini ni za kuagiza Ulaya au Japani, seti nzima, na Jumamosi haziwezi kufika. Mjomba alinuna. Binamu ndiye aliyekata shauri: "Mjomba, mimi nakwenda kuanza maisha, sijachoka nayo."

Basi zikatolewa stoo rimu za chuma za gari lenyewe, za inchi 14, zikapigwa rangi ya fedha. Bibi harusi alipanda, akapungia watu mkono, akafika ukumbini salama. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza habari za rimu.

Bolti zilikuja baadaye. Tulibadilisha zote, siyo zile nne tu, kwa sababu mpya na chovu hazivuti sawa. Nawe ukiagiza pima vitu vinne: kipenyo, umbali wa hesi, urefu kuanzia chini ya kichwa, na ile namba. Angalia pia kama rimu yako ina nati nyuma au hesi imekatwa kwenye rimu yenyewe. Fundi azikaze kwa spana ya kipimo, kwa kiasi alichosema mtengenezaji, kwa kupishana msalaba na kwa awamu, siyo kwa kukunja uso. Na maungio yapakwe silikoni, la sivyo kila asubuhi utakuta tairi limelala.

Haya, kama una rimu hizo, leo jioni chuchumaa uzihesabu. Ukikuta pengo, gari lilale hapo hapo, wewe panda daladala. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.