Saa Ishirini kwa Wiki na Mwenza Aliyebaki Nyumbani: Udhamini wa Ukaazi wa Kanada (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulitazama ni nani anayehesabiwa kuwa mwenza mbele ya sheria ya uhamiaji ya Kanada. Leo tushughulikie swali linalowakosesha usingizi wenzetu wengi wa Toronto, Ottawa na Edmonton. Mtu anafanya kazi ya saa chache, tuseme anapanga mizigo ghalani jioni tatu kwa wiki, au anatunza wazee siku za Jumamosi na Jumapili. Je, anaweza kumwombea ukaazi wa kudumu mke au mume aliyebaki Mombasa, Dodoma au Bukavu? Au asubiri mpaka apate ajira ya kutwa?

Anaweza, na hana sababu ya kusubiri. Kanuni za Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi za mwaka 2002, katika kanuni ya 133, zinamsamehe anayemdhamini mwenza wake sharti la kufikisha kipato fulani. Sharti hilo lipo kwa anayewaombea wazazi au babu na bibi. Kwa mwenza linarudi pale tu ambapo anakuja na mtoto ambaye naye tayari ana mtoto wake, jambo lisilotokea kila siku.

Basi habari za kiwango cha mshahara zimetoka wapi? Zimetoka kwa majirani. Marekani humtaka mdhamini aoneshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka. Uingereza ilipandisha kiwango chake hadi pauni 29,000 kwa mwaka kuanzia Aprili 2024. Shemeji aliyeko Leicester anamweleza ndugu yake wa Toronto yaliyomkuta yeye, kwa nia njema kabisa, na ndugu anaahirisha maombi mwaka mzima akitafuta kazi ya pili. Sheria ni ya Uingereza, anayeumia yuko Kanada.

Ila kwanza tuhakikishe kwamba huyo mwenye saa chache ni mtu anayeweza kudhamini. Mdhamini awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na awe raia wa Kanada au mkaazi wa kudumu. (Wenyeji wa asili waliosajiliwa kisheria nao wamo, lakini hilo halituhusu sana hapa.) Mwanafunzi mwenye kibali cha masomo, hata akiwa amefanya kazi miaka mitatu na analipa kodi bila kukosa, hana alichopewa ambacho anaweza kumgawia mwenzake. Wengi wanaofanya kazi za saa chache ni wanafunzi hawa hawa, kwa kuwa tangu Novemba 2024 sheria inawaruhusu saa 24 kwa wiki nje ya chuo wakati wa masomo. Kabla ya hapo zilikuwa 20. Wao mlango wao ni mwingine, nao umebanwa: tangu Januari 21, 2025, mwenza wa mwanafunzi hupata kibali cha kazi ikiwa mwanafunzi anasoma shahada ya uzamili ya miezi 16 au zaidi, shahada ya uzamivu, au fani chache zilizotajwa. Na hicho ni kibali cha muda, si ukaazi.

Lipo pia suala la mahali mdhamini anapoishi. Raia wa Kanada anayefanya kazi Muscat au Dubai anaweza kumdhamini mwenza wake akiwa huko huko, mradi aoneshe kwamba watakwenda kuishi Kanada mwenza akishapata ukaazi. Mwenye ukaazi wa kudumu peke yake hana ruhusa hiyo. Ni lazima awe anaishi Kanada anapotuma maombi na aendelee kuishi humo mpaka jambo liishe. Nimeona watu wakirudi nyumbani kumuuguza mzazi, wakakaa miezi mingi, huku faili lao likiendelea kana kwamba wapo. Ni hatari.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe wa mwenye saa chache. Mshahara mdogo haumwangushi. Kinachoweza kumwangusha ni kile anachoongezewa juu ya mshahara huo. Mkoa wa Ontario una mpango wa msaada wa serikali uitwao Ontario Works, na mtu mwenye kazi ya saa chache anaweza kuupokea: anatangaza alichochuma, wanapiga hesabu zao, wanamjazia kilichopungua. Ni haki yake, wala si aibu. Lakini anayepokea msaada wa aina hiyo hawezi kumdhamini mwenza, hata kama sehemu kubwa ya pesa zake zinatokana na jasho lake. Tena hatazamwi siku ya kutuma maombi tu. Masharti yanamfuata kuanzia siku hiyo hadi siku ya uamuzi, kwa hiyo aliyetuma akiwa hana msaada kisha akauomba miezi minne baadaye ameharibu maombi yake mwenyewe.

Anayepokea msaada kwa sababu ya ulemavu amesamehewa. Bima ya kukosa ajira nayo haihesabiwi kuwa msaada wa aina hii, kwa kuwa ni mfuko ambao mfanyakazi huuchangia kutoka kwenye mshahara wake. Posho ya watoto ya serikali kuu pia haimzuii mtu.

Kuna kizuizi kingine, deni ambalo wenzetu waliotoka kambini, Kakuma au Nyarugusu, hulisahau: mkopo wa nauli na vipimo waliopewa na serikali ya Kanada walipoletwa. Aliyeacha kuulipa anahesabiwa ameshindwa kutimiza wajibu, na hawezi kudhamini mpaka ajirekebishe. Ndivyo ilivyo pia kwa anayedaiwa matunzo ya mtoto kwa amri ya mahakama. Na aliyeletwa Kanada kwa kudhaminiwa na mwenza hana budi kusubiri miaka mitano tangu apate ukaazi kabla ya kumdhamini mwenza mwingine.

Tuseme yote hayo yako safi. Je, afisa hatauliza mtakula nini? Anaweza kuuliza. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Uhamiaji kinaruhusu kumkataa mtu ambaye hana namna ya kujikimu wala mtu wa kumtunza, na mwenza hakutolewa kwenye kifungu hicho. Ndiyo maana fomu zinadai vielelezo vya kipato ingawa hakuna kiwango cha kufikia. Mwenye saa chache asikae kimya akitumaini hawataona. Apeleke barua ya mwajiri inayotaja cheo, tarehe ya kuanza, saa kwa wiki na malipo kwa saa. Barua ya mistari miwili isemayo fulani ni mfanyakazi wetu mwaminifu haitoshi. Aongeze taarifa ya kipato kutoka mamlaka ya kodi, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe nani analipa kodi ya nyumba, mwenza ana ujuzi gani, na kama kaka mtu atawapa chumba kwa miezi ya mwanzo, kaka huyo aandike barua atie sahihi.

Hiyo taarifa ya kodi aisome yeye kabla hajaituma. Ina mstari unaotaja hali ya ndoa. Mtu alifunga ndoa Desemba, akarudi kazini Januari, na Aprili akajaza fomu ya kodi kwa mazoea: hajaoa. Anapofika kwenye fomu namba IMM 5532, ile inayohoji mlijuana lini na mlioana wapi, anaandika Desemba. Serikali moja imeshapewa majibu mawili. Kosa hilo hurekebishwa kwa kuiarifu mamlaka ya kodi mapema, na nakala ya masahihisho iambatanishwe.

Kubwa kuliko mshahara ni saini. Katika fomu IMM 1344 mdhamini anaahidi kwamba kwa miaka mitatu tangu mwenza apate ukaazi wa kudumu atamtimizia mahitaji ya msingi, na kwamba mwenza akipokea msaada wa serikali ndani ya muda huo, yeye mdhamini atazirudisha fedha hizo. Kupoteza kazi hakuifuti ahadi. Talaka haiifuti. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi inayojulikana kwa jina la Mavi, iliwasikiliza wadhamini wanane wa Ontario waliodaiwa fedha ambazo ndugu zao walizichukua. Mahakama ilisema deni ni deni. Serikali haiwezi kulifuta kabisa, ila inaweza kuahirisha kulidai, na ni lazima imwarifu mdhamini na kuyasikiliza maelezo ya hali yake kabla haijachukua hatua. Kwa mtu wa saa ishirini kwa wiki, huu ndio mzigo wa kuupima kwa utulivu, maana utaendelea kuwa mabegani mwake hata ikiwa mapenzi yamekwisha.

Upande wa pili wa saini hiyo nao usemwe wazi, kwa sababu wapo wanaoutumia kutisha. Kuanzia Oktoba 2012 mwenza aliyeletwa alilazimika, katika ndoa nyingi changa, kuishi na mdhamini miaka miwili ili ukaazi wake usiondolewe. Sharti hilo lilifutwa mwaka 2017. Mume anayemwambia mkewe aliyeingia kihalali, kwa ndoa ya kweli, kwamba akiondoka nyumbani atarudishwa kwao, anamdanganya.

Nije kwenye ndoa yenyewe, maana watu wa Pwani wana jambo lao hapa. Bwana harusi yuko Toronto, likizo hakupewa, tikiti ni ghali. Anamwandikia ami yake awe wakala, nikaha inasomwa msikitini Tanga, vigelegele vinapigwa, na yeye anafuatilia kwa simu. Ndoa hiyo ni sahihi mbele ya Mungu na mbele ya jamaa. Kwa uhamiaji wa Kanada si ndoa. Tangu Juni 11, 2015, ndoa iliyofungwa huku mmoja wao au wote wawili hawapo kwenye shughuli yenyewe, iwe kwa wakala, kwa simu au kwa intaneti, haimpi mtu haki ya kudhaminiwa kama mke au mume. Hapa ndipo kazi ya saa chache inapouma kweli: anayelipwa kwa saa hana likizo ndefu, hivyo kishawishi cha kuoa kwa wakala ni kikubwa kwake kuliko kwa mwenye ajira ya kutwa.

Waliokwisha kuoana hivyo warudie shughuli wakiwa wote wawili mahali pamoja, na ndoa hiyo isajiliwe. Hata pale bwana harusi alipohudhuria, kumbuka desturi yetu: yeye yuko msikitini na walii, bibi harusi yuko ndani kwao na kina mama. Mwenye busara atafanya nikaha nyumbani kwa bibi harusi, na atamwomba sheikh aandike kwamba wote wawili walikuwepo na ridhaa ya bibi harusi ilitakwa na mashahidi wakaisikia.

Mke wa pili hadhaminiwi, hata kama Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamtambua na cheti chake hakina dosari. Ama mwenza au mtoto ambaye hakutajwa mdhamini alipoingia Kanada mara ya kwanza, huyo ana habari ndefu na chungu, na tutampa sehemu nzima wiki ijayo.

Gharama, kwa viwango vilivyoanza Aprili 30, 2024, ni dola za Kanada 1,205 kwa mwenza asiye na watoto: 85 za udhamini, 545 za kushughulikia maombi na 575 za haki ya ukaazi. Alama za vidole na picha ni 85 nyingine. Ontario, kwa kima cha chini cha dola 17.20 kwa saa kilichotumika kuanzia Oktoba 2024 hadi Septemba 2025, mtu wa saa ishirini alichuma dola 344 kwa wiki kabla ya makato, kwa hiyo maombi yalimeza karibu wiki nne za kazi kabla hajalipia daktari wala cheti cha polisi. Kwa mtu wa namna hiyo kuna kisanduku cha kukitazama vizuri ndani ya IMM 1344: ukionekana hustahili kudhamini, unataka maombi yaondolewe au yaendelee? Akichagua yaondolewe, hurudishiwa fedha zake isipokuwa zile 85 za udhamini. Lakini anayechagua hivyo anaacha na nafasi ya kukata rufaa, kwa hiyo asiweke alama kwa haraka.

Walioko Quebec wana hatua ya ziada, kwa kuwa mkoa huo hupokea ahadi ya udhamini kwa utaratibu wake. Kuanzia Juni 26, 2024 uliweka kikomo cha maombi 13,000 ya kuunganisha familia kwa miaka miwili. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioko Montreal wanaujua uchungu wa kikomo hicho.

Limebaki la njia ya kupitia. Mwenza aliyeko Kanada tayari, kwa viza ya matembezi au ya masomo, anaweza kuombewa akiwa humo humo, na faili likishapokelewa rasmi anaweza kuomba kibali cha kazi cha wazi. Kwa nyumba yenye mshahara wa saa ishirini, mshahara wa pili ni nafuu kubwa. Hata hivyo njia hiyo haina rufaa mbele ya Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji. Akikataliwa, kilichobaki ni Mahakama ya Shirikisho, na huko hoja ni kama afisa alifuata sheria, si kama ndoa yenu ni ya kweli. Njia ya familia, ile inayotumiwa na waliobaki nyumbani, ina rufaa: mdhamini ana siku 30 tangu apokee sababu za kukataliwa, na anaweza kuleta ushahidi mpya, kumwita mwenza atoe maelezo kwa simu au video, na kumwonesha mwamuzi yale ambayo afisa hakuyaona. Mwenza aliyeko Kanada naye anaruhusiwa kuchagua njia hii ya familia badala ya ile ya ndani.